Msiba Usio na Mtani

Nina ulimi mkali, na sijawahi kuuombea radhi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kubishana na mkunga. Kwa hiyo siku Sista, mtawa msimamizi, aliponikabidhi jiko la nyumba ya wagonjwa kule Bigwa, alinipa funguo pamoja na onyo. Watu wa humu, alisema, wamesemwa vya kutosha huko walikotoka, hivyo wewe pika na unyamaze. Nilimjibu kwamba kupika naweza.

Sikuwa mpishi wa kusomea. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na kilichonileta Morogoro nikiwa msichana ni kiwanda cha nguo. Nilisimama kwenye mashine za kufuma miaka kumi na minne. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru, mitumba ikajaa sokoni, khanga za kutoka nje zikauzwa bei ya chini kuliko zetu, na kiwanda kikauzwa. Mnunuzi alikuja siku moja, akapita katikati ya mashine mikono akiwa ameiweka mgongoni, akaondoka, na sisi tukaambiwa tukasubiri nyumbani. Nilisubiri miaka miwili kwenye chumba changu cha kupanga Kilakala, nikiuza maandazi. Ndipo jirani yangu mmoja, mwenye shemeji aliyefia kwenye ile nyumba, akaniambia wanatafuta mpishi, na kwamba wengi wanaoitwa hawaji kwa kuogopa ugonjwa. Hata mimi niliogopa. Nilikwenda kwa sababu maandazi yalikuwa yamenichosha.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vitanda kumi na viwili, sita vya wanawake na sita vya wanaume. Mlima wa Uluguru ulianzia nyuma ya jiko langu, hata pa kuanikia sahani palikuwa mteremko. Haikuwa hospitali. Ilikuwa mahali pa kukaa kwa wenye virusi vya Ukimwi waliokosa pa kukaa: waliotolewa vyombo nje na wenye nyumba, waliosahauliwa wodini na ndugu zao, wajane waliofukuzwa kabla matanga hayajaanuliwa. Walipata kitanda, chakula, mtu wa kuwapeleka kliniki na mtu wa kuwashika mkono. Mwanzoni, huko kushikwa mkono ndiyo ilikuwa tiba kubwa tuliyokuwa nayo.

Kwenye stoo, juu ya magunia ya unga, palikuwa na jora la bafta nyeupe. Siku ya kwanza nilipoligusa nililijua. Lilikuwa limefumwa kwenye kiwanda chetu, kwa ufumaji wa zamu zetu, na kwenye ukingo palikuwa na ile kasoro ya mashine namba tisa ambayo fundi hakuwahi kuimaliza. Sista alikuwa amelinunua lote kwa bei ya kutupa wakati maghala yanaondolewa mali, akaliweka kwa ajili ya sanda. Mwaka wangu wa kwanza nilishuhudia likipungua. Kila lilipokatwa nilikuwa nashika upande wa pili wa kitambaa, na nilichukia sana kwamba kazi ya mikono yangu imekuja kuishia pale.

Halafu dawa zikaanza kutolewa bure kliniki. Sitaeleza kitaalamu kwa sababu si mtaalamu. Nitasema nilichokiona jikoni: sufuria ya uji iliyokuwa inarudi nusu ikaanza kurudi tupu. Mtu aliyekuja amebebwa akaja kuniuliza kama kuna ukoko. Jora likakaa pale stoo mwezi, miezi mitatu, mwaka, halijaguswa, na panya wakaanza kulizoea, mpaka nikamwomba Sista ruhusa nikashona mapazia ya bweni zima. Alifikiri siku mbili kabla ya kukubali. Wagonjwa hawakujua yale mapazia yalitakiwa yawe nini, na mimi kwa mara ya kwanza nikanyamaza bila kuambiwa.

Sasa nyumba ikapata tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelitegemea. Ilijengwa kwa ajili ya watu wanaokufa, na watu walikuwa wamegoma kufa. Vitanda ni vile vile kumi na viwili, na kule hospitali watu wanalala sakafuni wakisubiri nafasi kwetu. Sista akaweka sheria. Kila Jumatatu baada ya uji, wote wanapanda mzani. Ukifikisha kilo ulizoandikiwa na daktari, ukakaa nazo miezi mitatu bila homa, unaanza kujiandaa kutoka, na nyumba inakusaidia kutafuta pa kwenda: ndugu, chumba, kazi ndogo. Sheria ilikuwa nzuri. Wengi walitoka wakicheka, na mmoja alinirudia Krismasi na jogoo.

Mtani wangu ndiye aliyeikataa.

Namwita mtani kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku zote. Alikuwa Mluguru wa juu kabisa, kijiji cha misheni, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Bigwa kama magoti yako ni mazima. Alikuwa ameshuka mjini kuuza mbogamboga, akaolewa na dereva wa lori, dereva akafa, na ndugu wa dereva wakachukua mpaka chandarua. Aliletwa kwetu na gari la hospitali kabla dawa hazijaanza kutolewa, ana kilo thelathini na nne. Nilimpelekea uji, nikamnywesha kijiko cha kwanza. Akaumeza, akafumba macho, akauliza kwa sauti ya chini kabila langu ni lipi. Nikamwambia. Akasema, "Nilijua. Huu ni uji wa kupikia punda wa msafara."

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani wakienda pwani. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku na ukamshukuru. Na zaidi ya yote, mtani ni mtu wa misibani: anakuja kuwachekesha wafiwa, analala njia asipitishe mtu mpaka apewe kitu, na kuna kazi za msiba ambazo ndugu hawezi kuzifanya ila yeye. Katika nyumba ile ambayo kila mtu alinong'ona, mimi nilikuwa sijatukanwa miezi kumi. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa chini.

Sista alitoka mkoa ambao utani wa namna hii haupo, na alipotusikia mara ya kwanza alikuja mbio. Nilikuwa namwambia mgonjwa wake kwamba afanye haraka apone akalime, maana Waluguru wanalima wamejifunga kamba kiunoni wasije wakaporomoka na shamba, na mgonjwa ananijibu kwamba mimi nisitazame sana ndoo ya maji, kichwa cha Mnyamwezi kikiona mzigo kinawasha. Ilibidi tumweleze Sista kwa pamoja. Hakuelewa vizuri, ila aliona mgonjwa amekaa kitako kwa mara ya kwanza, akatuacha.

Dawa zilipokuja, mtani wangu alipanda haraka kuliko wote. Kilo arobaini, arobaini na nne, arobaini na nane. Aliandikiwa hamsini na mbili. Akafika arobaini na tisa akasimama. Jumatatu moja, nyingine, miezi mitano, arobaini na tisa. Kliniki wakampima damu, wakasema damu ni nzuri. Wakampima kifua, kifua kizima. Mwishowe Sista akaja jikoni, akanitazama, akaniuliza kwa upole ninaweka mafuta kiasi gani kwenye maharage.

Hilo liliniuma. Niliweza kusemwa kwa ulimi wangu, lakini si kwa chakula changu. Nikaanza kumpakulia mtani mara mbili ya wenzake. Sahani ilirudi imepanguswa safi, na Jumatatu ikawa arobaini na tisa. Nikaanza kushuku mpaka uchawi. Kisha alasiri moja nikaenda nyuma ya bweni la wanawake kuchuma matembele, nikawakuta kuku wa Sista. Nyumba nzima ilikuwa na kuku tisa, na sita kati yao, wale wa upande ule, walikuwa wamenenepa mpaka wanatembea kwa kuyumba. Nikainama chini ya dirisha la mtani wangu. Palikuwa na ugali wangu, punje za wali wangu, na nusu ya yai nililomchemshia asubuhi.

Nilimkuta amekaa kitandani anasuka mkeka. Sikumtania. Nilimwambia kwamba kule hospitali kuna binti amelala kwenye korido, mfuko wa plastiki ndio mto wake, na anasubiri mtu atoke humu. Nilimwambia kwamba anamwibia. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Aliendelea kusuka mpaka nilipomaliza, akauweka mkeka pembeni.

"Mtani," akasema, "unataka nitoke niende wapi? Mimi kwetu nimeshakufa."

Nikadhani anasema kama wasemavyo wengi pale, kwamba ndugu wamemtupa. Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza, na ilikuwa hivi. Wiki aliyoletwa kwetu, kulikuwa na mwanamke mwingine wa mlimani kwenye kitanda cha pili, naye akafariki. Ndugu hawakupatikana, nyumba ikamzika. Mama mmoja muuza ndizi akapandisha habari juu kwamba yule dada wa mlimani aliyekuwa nyumba ya Bigwa amefariki na ameshazikwa. Kijijini kwao mtani wangu walikuwa wanamjua dada mmoja tu wa mlimani aliyekuwa anaumwa mjini. Wakamlilia. Wakanyoa. Ilipofika siku ya kumaliza msiba, shamba lake la ukoo akapewa mdogo wake wa kike, na binti ambaye huyo mdogo alimzaa mwezi ule akapewa jina lake.

"Wewe ulijuaje yote hayo?"

"Yule mama wa ndizi alinikuta kliniki mwaka ule ule. Alikaribia kuzimia."

"Na hukumwambia akakanushe?"

"Nilimwapisha asiseme. Nilikuwa na kilo thelathini na sita, mtani. Nilijua ni suala la wiki. Nikaona wameshalia, wamenyoa, wamepika. Kwa nini niwatie gharama ya kunililia mara mbili?"

Baadaye, alisema, dawa zilipokuja, kila kilo iliyoongezeka ilimtia hofu, kwa sababu ilikuwa inamsogeza mlangoni. Angeingiaje kijijini? Shamba lina mtu. Jina lina mtu. Na akifika akiwa hai, kila mtu atajua aliwaacha walie huku akijua. Alisema kosa la kufa wangemsamehe, la kukaa kimya hawatasamehe. Alilia, na mimi nikalia, maana nilikuwa nimemwita mwizi.

Nilimweleza Sista, si ya kuku, ya mlimani. Sista alikuwa mtu wa haki na hakuwa na njia. Alisema damu na kifua ni vizima, kilo tatu zilizobaki si sababu ya kushikilia kitanda, akampa wiki mbili. Baada ya hapo angemtafutia chumba mjini, miezi mitatu ya kodi, na biashara ya kuanzia. Mtani wangu akaitikia ndiyo Sista, na usiku ule hakula, wala hata kuku hawakula.

Siku mbili nilipika huku nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani. Siku ya tatu, nikiwa nachambua mchele, swali likanijia. Nikaacha ungo nikaenda bwenini.

"Huo msiba wako," nikamwuliza, "watani waliitwa?"

Akanishangaa. "Nani angeita watani? Waliona aibu ya ugonjwa. Walilia siku tatu mlango umefungwa, majirani wakaambiwa ni malaria ya kichwa."

"Hakuna mtani aliyekanyaga pale? Hakuna aliyelala njiani? Hakuna aliyelipwa hata kikombe cha pombe?"

"Hakuna."

"Basi hujafa," nikamwambia. "Vaa viatu."

Haikuwa siku ile tuliyoondoka, ilikuwa Jumamosi, na hata hiyo Jumamosi nusura akatae. Nilitaka kutanguliza salamu. Akasema tukitanguliza salamu wataenda kwa padri kwanza, tutakuta maji ya baraka mlangoni. Huenda nilikosea kumsikiliza. Tulianza alfajiri, mimi nimebeba kifurushi chake kichwani, na kila tulipopanda kilima alijikaza kusema kwamba mzigo umepata mwenyewe. Dawa zake zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga alilolikumbatia kifuani. Baada ya mto wa pili utani ukamwishia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na kadiri tulivyopanda ndivyo alivyozidi kujifunika khanga, mpaka nikawa namwona pua tu.

Mdogo wake alikuwa uani anapura maharage, mtoto mdogo amekaa pembeni kwenye jamvi. Aliinua macho. Mtani wangu akajifunua uso. Sijui nilitegemea nini. Mdogo mtu hakupiga kelele. Alimnyakua mtoto, akaingia ndani, tukasikia komeo likipita.

Mtani wangu akakaa pale pale kwenye jiwe mwanzoni mwa uwanja, akageuzia nyumba mgongo. Majirani wakaanza kutokea kwenye migomba, mmoja mmoja, hakuna anayesogea. Mtu akatumwa kumwita mjomba. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga na kufungua, iwe ni shamba au ni mtu. Alifika baada ya muda, mzee mrefu mwenye koti zito la mvua na fimbo, na akasimama mbali na mpwa wake kiasi cha hatua kumi. Hakumsalimu. Alimtazama tu mgongo.

Niliogopa. Nikamwendea mzee, nikapiga goti, nikamwamkia. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mnyamwezi," nikasema, na adabu yangu ikaishia hapo. Nilikwenda nikachukua kigoda alicholetewa yeye, nikakikalia katikati ya uwanja. Kuku mmoja alikuwa anapita, nikamkamata nikambana kwapani. "Nimekuja kudai haki yangu. Nimesikia mlikuwa na msiba hapa, mkalia, mkanyoa, mkala, na mtani hamkumwita. Toka lini Waluguru mkajua kuzika peke yenu? Hata kulima hamjui, mpaka mfungwe kamba."

Kuku peke yake ndiye aliyelalamika. Mzee alinitazama kwa muda ambao nilihesabu makosa yangu yote. Halafu akauliza, polepole, "Na wewe unajuaje hatukuita mtani?"

"Kwa sababu angekuja mtani, angetaka kuona kaburi. Mngemwonyesha nini?"

Kwa nyuma, kwenye migomba, mwanamke mmoja akacheka. Alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na mwingine akakipokea.

"Msiba usio na mtani haujaisha," nikaendelea, sauti ikinirudia. "Una njia mbili tu, mzee. Mlie upya mbele yangu, au mfute. Mimi leo sikuja na machozi, nimekuja na njaa. Kwa hiyo futeni. Faini yangu ni huyu kuku."

Mzee hakucheka, lakini fimbo aliyokuwa ameishika mbele yake kama ya kuzuia njia aliishusha. Akasogea zile hatua kumi, akazunguka lile jiwe mpaka akamwona mpwa wake usoni, na akamsemesha Kiluguru kwa maneno machache niliyoweza kuyaelewa kwa sababu ya miaka yangu mingi Morogoro. Alimwuliza kama alijua wanalia.

"Nilijua, mjomba."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani nakufa kweli. Nikaona bora mlie mara moja."

Pale mzee alikasirika, na hasira yake haikuwa utani. Alisema aliuza mbuzi kwa ajili ya msiba ule. Mbuzi si kitu. Alisema alimsomeshea misa kila mwezi, na misa nazo si hasara. Lakini alishuka mpaka Bigwa kutafuta kaburi, uzee wake wote ule, akafika kwenye geti la ile nyumba, na akashindwa kuingia kwa aibu ya ugonjwa, akageuza. Tangu siku hiyo alijiona mjomba asiye na maana. "Ungetuma neno moja," akasema, "ningeingia." Na sauti ikamkatika, akageukia upande wa mlima.

Mtani wangu akashuka kwenye jiwe, akapiga magoti kwenye tope, akaomba msamaha. Mimi na kuku wangu tulikaa kimya. Kuna mahali utani unaishia, na mtani asiyepajua hapo ni mpumbavu tu.

Komeo likasikika. Mdogo mtu akatoka, macho mekundu, mtoto mgongoni. Hakumtazama dada yake. Alimtazama mjomba.

"Shamba nimelilima misimu miwili," akasema. "Nimepanda migomba, nimepanda maharage. Sitalitoa kwa sababu Mnyamwezi amekalia kigoda."

Nilimpenda palepale. Mzee akasema hakuna anayemnyang'anya. Shamba ni la ukoo wa mama yao, wote wawili wamelipata kwa kuzaliwa, na ukoo haujaishiwa ardhi. Kuna kipande cha juu, karibu na kijito, kimelala miaka minne. Kina mawe, lakini kina maji. Hicho kitakuwa chake. Kuhusu jina, alisema mtoto hawezi kunyang'anywa jina, na jina halipungui kwa kutumiwa na wawili.

"Na atalala wapi?" akauliza jirani mmoja, mwanamume, kwa namna ambayo wote tulielewa anauliza nini. Alikuwa anaangalia lile kopo.

Safari hii nilikuwa sina hila iliyobaki. Mtani wangu alikuwa bado yuko magotini. Mdogo wake akamwendea, akamtazama kichwa mpaka miguu, kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa na aliyekiazima.

"Atalala kwangu," akasema. "Ila akifa tena, aje aniambie mwenyewe."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na katikati ya kicheko wale ndugu wawili walikuwa wameshikana, hakuna anayecheka kati yao. Mtoto aliyekuwa mgongoni alibanwa akaanza kulia. Kuku wangu nilimchinja mimi mwenyewe, kwa haki ya mtani, na nilimpika kwa nazi moja waliyokuwa wameipandisha kutoka mjini. Tulikula sahani moja. Yule jirani hakula. Hakuondoka pia.

Jioni mzee aliuliza habari za dawa kwa makini kuliko daktari. Ni mara ngapi kwa siku, zinamezwa na chakula au bila chakula, zikiisha zinapatikana wapi. Mtani wangu akasema lazima ashuke kliniki kila mwezi, na hapo akanitazama kwa wasiwasi, kwa sababu njia ile imemtoa jasho. Mdogo wake akasema yeye hushuka na ndizi kila wiki, kwa hiyo watashuka pamoja, na kama dada mtu ana nguvu za kumeza dawa ana nguvu za kubeba mkungu. Nilijua hapo kwamba nyumba ile ina mtu mwenye ulimi kunizidi.

Nililala kwao. Asubuhi niliamka nikitegemea tutashuka wote, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana hivyo: arudi kwetu, akae siku zake zilizobaki, amuage Sista vizuri, afungashe. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Mdogo wake akanyoosha mkono kuelekea juu.

Nilipanda mpaka kwenye kile kipande cha karibu na kijito. Ukungu ulikuwa bado. Alikuwa na jembe la kuazima, na alikuwa amefungua tuta moja fupi, kama urefu wa kitanda, mawe ameyapanga pembeni. Alilima mapigo matano akapumzika, akalima matano. Nilisimama nikimtazama, nimefurahi. Aliponiona aliegemea mpini, akajipangusa uso.

"Mimi sishuki," akasema. "Mwambie Sista aniwie radhi, nitakuja kumwamkia siku ya kliniki. Na kitanda ampe yule binti wa kwenye korido, leo leo, asisubiri Jumatatu."

Nikamwambia nitamwambia.

"Na godoro mligeuze kwanza. Upande wangu limebonyea."